Una Kisukari? Kapime Macho Ungali Unaona

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye mgonjwa wa kisukari. Asiyeweza kusoma asomewe.

1. Neno kubwa
Usingoje macho yafifie ndipo uende kupima.

2. Mafuta ya damu na macho
Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho huanza kuvuja. Damu ikiwa na mafuta mengi (lehemu), mafuta hayo nayo huvujia humo na kuacha madoa ya manjano. Hayaumi wala hayawashi. Ndiyo maana wengi hutufikia hospitalini wamechelewa: walikuwa wanaona vizuri, wakaona hakuna haja ya kupima. Usingoje macho yafifie.

3. Upime lini
Kisukari cha ukubwani: pima macho mara tu unapoambiwa unacho, kisha kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari apime mimba ikiwa changa. Lehemu na presha viulizie kliniki. Hata mwembamba anaweza kuwa na lehemu nyingi.

Kupimiwa miwani peke yake hakutoshi. Sema: "Nina kisukari, naomba nichunguzwe nyuma ya jicho." Utatiwa matone na utaona ukungu kwa saa kadhaa. Siku hiyo usiendeshe bodaboda. Njoo na wa kukusindikiza.

4. Jikoni
Punguza samli, mawese, tui zito, nyama ya mafuta, chipsi na maandazi. Pika kwa mafuta kidogo ya alizeti. Chemsha au choma. Ongeza maharage, mboga na samaki.

5. Tusiyotaka kuyaona tena
- Kuacha dawa ya sukari, presha au lehemu kwa sababu "nimepata nafuu".
- Kutia jichoni dawa za majani, asali au matone ya jirani.
- Kuvuta sigara.
- Kudhani dawa ya lehemu inatosha, macho yasipimwe.
- Kungoja macho yafifie. Hili ndilo linalotuletea wagonjwa wengi wa kuongozwa kwa mkono.

6. Nenda hospitali leo hii
Ukiona ghafla vidoa vyeusi vinaelea, pazia jeusi, au jicho moja limepoteza nuru.

7. Matibabu
Leza na sindano za jicho husaidia sana zikiwahi. Nuru iliyokwisha kupotea mara nyingi hairudi yote. Basi usingoje.

Jaza sasa, ubandike ukutani:
Tarehe ya kupima macho: ..............
Atakayenisindikiza: ..............