“Ni Baridi Tu, Dokta”: Mafunzo Niliyopata kwa Wanaume wa Kaengesa

Uwanda wa juu wa Ufipa una baridi ya makoti mwezi Juni na Julai, na ndiyo miezi ambayo mahindi na maharage hupata wanunuzi. Fedha ikiingia, wanaume huenda Sumbawanga mjini au Tunduma kununua bati, mbolea na vipuri vya pikipiki. Wiki moja au mbili baadaye wanaume huongezeka kwenye benchi la zahanati, na karibu wote wanasema wameletwa na mgongo. Nimekuwa tabibu Kaengesa na vijiji vya jirani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na haya ndiyo niliyojifunza juu ya kutafuta chanzo cha magonjwa ya zinaa kwa mwanamume.

1. Mwanamume haji mikono mitupu, huja na chanzo chake.

Kwanza baridi. Halafu kiti cha fuso kilichoshika moto, choo cha gesti, kukojoa palipokojoa mbwa. Mzee akishusha sauti, ujue anakuja kwenye tego: amegusa mke wa mtu aliyetegwa, na kwa hiyo ameshapita kwa mganga kabla ya kufika kwangu. Baridi humfanya mtu akojoe mara kwa mara, hilo ni kweli, lakini haitoi usaha. Bakteria wa kisonono nao hawadumu nje ya mwili wa binadamu kiasi cha kumsubiri mtu kwenye choo cha gesti. Niliacha kubishana juu ya hayo. Nauliza tu: “Umeanza lini, na kabla ya hapo ulilala wapi?” Nikiuliza wapi, hunijibu. Nikianza na nani, hukasirika.

2. Siku husema mengi, ila hazitoi hukumu.

Kisonono kwa mwanamume huanza kwa kawaida kati ya siku 2 na 7: usaha mzito wa manjano, na mkojo unaomfanya mtu mzima ashike ukuta. Klamidia huchelewa, wiki 1 hadi 3, na hutoa ute mwepesi anaouona asubuhi tu, au muwasho usio na ute wowote. Lakini wawili hawa hupenda kusafiri pamoja, ndiyo maana mwongozo hututaka tuwatibu wote kwa mkupuo. Anayetibiwa kisonono peke yake hurudi akilalamika kwamba dawa ilikuwa feki, kumbe iliyobaki ni klamidia. Na yupo wa tatu anayesahaulika, trikomonasi, ambaye kwa mwanamume hukaa kimya na hahitaji dawa zile mbili bali metronidazo.

3. Kioo cha maabara hakina aibu.

Palipo na darubini, kazi huwa nyepesi. Unachukua tone la usaha, unalipaka kwenye kioo, unalikausha juu ya moto mdogo. Unamwagia rangi ya zambarau, kisha ayodini, unasuuza kwa spiriti, unamalizia na rangi nyekundu. Ukitazama unaona chembe za usaha, na ndani yake vidoa vyekundu viwiliwili, kama maharage mawili yaliyogeuziana matumbo. Mjerumani Albert Neisser aliwaeleza bakteria hao mwaka 1879. Niliwahi kumwita kijana mmoja achungulie mwenyewe. Alitazama, akanyamaza, kisha akasema, “Kwa hiyo siyo baridi.” Tangu hapo, nikipata nafasi, namwachia mgonjwa darubini. Maneno yangu peke yake hayajawahi kumgeuza mtu haraka namna ile.

4. “Una UTI” ni jibu linalompendeza kila mtu isipokuwa ugonjwa wenyewe.

Hapa ndipo ninapokasirika, msomaji anisamehe. Kijana anachovyewa karatasi ya kupima mkojo, inaonyesha chembe nyeupe, anaambiwa ana UTI na kupewa vidonge vya rangi mbili. Anarudi nyumbani amefurahi, kwa sababu UTI haina aibu. Hata mtoto huipata. Lakini karatasi ile inaonyesha kwamba pana mapambano kwenye njia ya mkojo, haisemi adui ni nani. Maambukizi ya kawaida ya kibofu ni nadra kwa mwanamume kijana mwenye afya. Akiungua anapokojoa, wazo la kwanza liwe ugonjwa wa zinaa. Akikojoa damu, nauliza alikooga, maana kichocho nacho kina njia zake. Tezi dume na mawe huwa zamu ya wazee zaidi.

Vidonge nusu dozi vina hasara ya pili. Kisonono kilishaizoea penisilini, kikaizoea tetrasaiklini, kisha siprofloksasini tuliyoitegemea kwa miaka mingi. Sasa tunachoma sindano ya seftriaksoni, na sina hamu ya kujua itafuata nini baada yake.

5. Asiyeumwa ndiye anayesambaza.

Utafiti mkubwa uliofanywa vijijini Mwanza kuanzia 1991 hadi 1994 unajulikana duniani kwa jambo moja: kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Lisilotajwa sana ni kwamba wanaume wa vijiji hivyo walipopimwa, wengi wa waliokutwa na kisonono au klamidia hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hiyo mwanamume anayeniambia “mimi sijawahi kuugua, yeye ndiye kaleta” huenda hasemi uongo. Hajui tu.

6. Donda lililopakwa dawa halisomeki.

Donda la kaswende haliumi, lina kingo ngumu, hutokea siku 10 hadi 90 baada ya tendo. La pangusa linauma na lina usaha. Malengelenge huanza kama vipele vya maji, hupasuka, hupona, hurudi palepale. Ukishapaka unga wa kidonge, majani ya kusaga au maji ya betri (nimeyaona hayo), yote hufanana. La kaswende hupona lenyewe kwa wiki chache, na mwenyewe huona amejitibu. Anayekuja baadaye na vipele viganjani na nyayoni huniambia ni mzio wa mbolea.

7. Tohara ni ngao yenye matundu.

Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyolengwa na kampeni ya tohara, kwa kuwa Wafipa hawakuwa na jadi hiyo. Majaribio ya Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalionyesha inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Malengelenge nayo hupungua kiasi. Kisonono na klamidia hapana. Vijana waliotahiriwa hunijia wakiwa wameshangaa kabisa.

8. Chanzo anachokitafuta mume sicho ninachokitafuta mimi.

Mimi natafuta mdudu. Yeye anatafuta mtu. Mume na mke hugombana zaidi mama anapopimwa kaswende kliniki ya wajawazito na kukutwa nayo. Mume huitwa, hupimwa, hukutwa nayo pia, na swali lake la kwanza ni nani aliileta nyumbani. Kipimo hakijui. Kaswende inaweza kuwa yake ya miaka mingi au ya mkewe, na hakuna maabara itakayowaamulia. Siku moja mume wa namna hiyo, alipoona sijibu, aliuliza: “Basi dozi yangu na yake ni moja?” Ni moja, nikamwambia, sindano kila wiki kwa wiki tatu, kila mtu makalio yake, pande zote mbili. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka.