Mwaka wa 1920 Halikubadilika Jina Tu

MJUKUU: Babu, nisikilize kama nimeshika. Waingereza walitangaza himaya yao 1895. Mwaka wa 1920 wakabadilisha jina tu, ikaitwa Kenya kwa sababu ya mlima huu wetu.

BABU: Jina tu! Nimeyasikia hayo kwa walimu, kwa wanasiasa, hata matangani hapa Kaaga, Meru. Mlima ulikuwepo kabla Northey, gavana wa wakati huo, hajazaliwa. Kilichobadilika ni mwenye ardhi.

MJUKUU: Lakini ardhi si walikuwa wamekwisha kuinyakua?

BABU: Sehemu, ndiyo. Reli, walowezi, misheni ya Wamethodisti hapa Kaaga 1912, hayo unayajua. Sasa fungua masikio. Katika himaya mgeni anatawala, lakini nchi kisheria bado si yake. Katika koloni nchi yenyewe ni mali ya Mfalme. Julai 1920 bara lilitiwa chini ya taji la Mfalme George wa Tano kwa amri iliyoandikwa London. Hakuna mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wetu Wameru, aliyeulizwa.

MJUKUU: Walikuwa wanatuadhibu?

BABU: Kwa kosa gani? Walitaka pesa! Koloni iliweza kukopa kwenye soko la London kwa masharti nafuu ambayo himaya haikuyapata. Ni kama benki: bila hatimiliki ni vigumu kukopeshwa.

MJUKUU: Na ardhi ikawaje, babu?

BABU: Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imekwisha kuhesabu hata ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ya Serikali. Ikaja 1920, nchi ikawa ya Mfalme. Baada ya hapo Wakikuyu wakapelekana kortini kwa ajili ya ardhi, na Jaji Mkuu Barth akaziunganisha hizo mbili, sheria ya 1915 na amri ya 1920. Akaamua kwamba haki za wenyeji zimetoweka. Wamebaki wapangaji wa Serikali, wanaokaa kwa hiari yake.

MJUKUU: Hata aliyemzika baba yake hapo?

BABU: Hata huyo. Hata aliyeng'oa visiki kwa mikono yake. Mpangaji! Mwenye nchi akishakuwa Mfalme, aliyepo juu yake ni mpangaji. Hilo ndilo lililofanyika 1920.

MJUKUU: Na kipande, kile kitambulisho cha Waafrika?

BABU: Kipande kina sheria yake, ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kikasha cha chuma shingoni, ndani karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri. Usikichanganye na hili.

MJUKUU: Basi hata Mombasa ikawa ya Mfalme?

BABU: Sasa umeuliza! Ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza walikuwa wakimlipa kodi ya kila mwaka tangu 1895, wasingeweza kuutwaa hivi hivi. Kwa hiyo pwani ikabaki himaya, bara likawa koloni, na nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Kama lingekuwa jina tu, mbona walihangaika kuandika amri mbili, moja ya bara na nyingine ya pwani?