Kitunguu, Mchicha na Saratani ya Utumbo Mpana

Ukishuka Gerezani ukielekea soko la Kariakoo, utakuta marundo ya vitunguu, mchicha, matembele na bamia. Hatua chache mbele kuna chipsi, mishikaki na soda. Mtu mwenye haraka (na mjini nani hana haraka?) huzipita mboga akasimama kwenye chipsi. Sisi pia tumefanya hivyo.

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Saratani yake, yaani kansa, mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma. Huweza kukaa miaka mingi kabla ya kugeuka ugonjwa.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt alifanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960. Aliona kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini. Mwaka 1971 aliandika kuwa sababu ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, kama nafaka isiyokobolewa.

Lakini nyuzinyuzi haziko peke yake. Mimea ina vitu viitwavyo flavonoidi. Vimo katika kitunguu chekundu, mboga za majani, matunda, ulezi, hata chai. Mmea huvitumia kujikinga na jua kali na wadudu. Je, sisi tukivila? Sehemu kubwa haiingii kwenye damu upesi. Hufika utumbo mpana, na huko vijidudu vya tumboni huvivunjavunja. Katika maabara, flavonoidi zimeonekana kupunguza ile hali ya mwili kuwaka ndani kwa ndani, kama kidonda kisichopona. Seli za saratani nazo huacha kuongezeka, nyingine hufa.

Ila chupa ya maabara si tumbo la mtu. Kwa watu wenyewe, majibu ya wataalamu bado hayajalingana.

Hapa kwetu, mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 323 wenye afya huko kaskazini ya Tanzania. Wa vijijini walikutwa na flavonoidi moja, apijenini, kwa wingi kuliko wa mjini. Wa mjini walikuwa na dalili zaidi za mwili kuwaka. Mwaka 2025 ukatolewa uchunguzi mwingine wa Kilimanjaro, wa wanaume 77. Wa kijijini waliokula vyakula vya mjini wiki mbili tu, damu yao ilibadilika kwa ubaya. Wa mjini waliokula vya asili walipata nafuu. Saratani haikupimwa, lakini wiki mbili ni chache mno!

Basi, ukimenya kitunguu, ondoa ganda kavu tu, maana tabaka za nje ndizo zenye flavonoidi nyingi. Ukikichemsha, usimwage maji yake. Na soseji zipunguze: mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema nyama za kusindikwa husababisha saratani hii.

Wapo wauzaji wa unga wa majani, eti unaponya kansa. Hapana. Mboga huenda ikakinga, haitibu. Ukiona damu kwenye choo, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, nenda kituo cha afya, usione haya. Wengi hudhani ni bawasiri, wakakaa nyumbani. Daktari akiona haja atakuandikia barua ya hospitali kubwa, kama Ocean Road pale Dar es Salaam, inayotibu saratani.