SOMO LA AFYA: BAYOPSI YA TEZI DUME



Tezi dume ni kiungo cha mwanamume kilichoko chini ya kibofu cha mkojo. Mtu akipita miaka hamsini, tezi hii huweza kukua au kupata saratani. Kipimo cha damu kiitwacho PSA kikiwa juu, bado hakijathibitisha saratani. Hata tezi iliyokua tu hupandisha kipimo hicho. Kwa hiyo daktari huchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi vikapimwe kwa darubini. Kazi hii huitwa bayopsi. Wengi wetu huikimbia kwa hofu na aibu. Tujifunze inavyofanyika.

Njia ya kwanza: kupitia haja kubwa
Chombo cha ultrasaundi huingizwa katika njia ya haja kubwa, na sindano hupenya ukuta wa utumbo hadi kwenye tezi. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 10 hadi 12. Ni kazi ya haraka. Ubaya wake, sindano hupita penye vijidudu vya choo na huweza kuvipeleka kwenye damu. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa ya kuua vijidudu.

Njia ya pili: kupitia ngozi
Hapa sindano huingia kati ya korodani na njia ya haja kubwa, baada ya ngozi kusafishwa na kutiwa ganzi. Sehemu ya mbele ya tezi hufikiwa vizuri zaidi. Uchunguzi wa Uingereza wa wanaume zaidi ya 1,100, uliotolewa mwaka 2025, ulikuta saratani ya kutiliwa maanani kwa wanaume 60 katika kila 100 kwa njia hii, na 54 kwa njia ya kwanza. Lakini kazi ilichukua muda mrefu zaidi na maumivu yalizidi.

Picha kabla ya sindano
Picha ya MRI humwonyesha daktari doa la kuchoma. Uchunguzi wa wanaume 500 katika nchi 11, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta saratani ya kutiliwa maanani kwa 38 katika kila 100 walioanza na picha, na 26 kwa waliochomwa bila picha. Tena wanaume 28 katika kila 100 waliopigwa picha hawakuhitaji sindano kabisa.

Mashine hii ni ghali na haiko kila mahali. Kama hospitali yako ina njia ya kwanza tu, usikatae kupimwa. Ila ukiambiwa hakuna saratani, endelea kufuatiliwa, maana sindano huweza kukosa doa.

Ya kukumbuka
Mwambie daktari mapema kama unatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, au kama una kisukari. Baadaye, damu kidogo katika mkojo kwa siku chache ni kawaida. Ukipata homa au mkojo ukiziba, nenda hospitali saa ile ile. Usingoje zamu iishe.

Viongozi wa matawi, mtetee mwenzenu asikatwe mshahara kwa siku ya kupimwa, na mtunze siri yake.

Maswali ya kujadili tawini
1. Njia hizi mbili zinatofautiana wapi?
2. Hospitali ya karibu nasi inatumia ipi?
3. Mkataba wetu wa kazi unasemaje juu ya ruhusa ya matibabu?