Kona ya Yaya: Shemeji anataka turbo

"Yaya, baba watoto anataka kufunga turbo kwenye Land Cruiser yetu. Ni ya mazutu, injini ya 1HZ, haikutoka kiwandani na turbo. Tukienda Likasi na watoto na mizigo, kulipita lori moja tu ni kazi. Fundi wa Kampemba ana turbo iliyotolewa kwenye gari lingine, anasema siku mbili zinatosha. Pesa iliyopo ni ile ya minervali ya shule ya watoto. Nikubali?"

Mdogo wangu, kwanza tumpe shemeji haki yake. Gari lenu kweli ni zito, na sababu moja iko hewani. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi, na injini isiyo na turbo hupata ile tu inayoweza kuvuta yenyewe. Hapo inapoteza karibu sehemu moja kati ya nane ya nguvu zake. Hiyo 1HZ yenu ina lita 4.2 na silinda sita, lakini hata pwani hutoa nguvu farasi 130 hivi tu, na gari lina tani mbili na zaidi kabla hamjapanda nyinyi.

Turbo ilikuzwa kwa shida hiyohiyo ya mwinuko. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege hadi kileleni Pikes Peak, Marekani, mita 4,300 hivi. Bila turbo injini ililegea vibaya. Ilipofungwa turbo ikarudisha nguvu zake za chini bondeni. Kwa hiyo shemeji hajaota.

Sasa nikueleze kinachonitia wasiwasi. Turbo huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ili isukume hewa nyingi ndani. Hewa ikiongezeka na mazutu yakaongezwa, nguvu hupanda, na joto hupanda nayo. Toyota walipotaka turbo kwenye injini ya ukubwa huo, hawakuibandika tu juu ya 1HZ. Walitengeneza 1HD-T, yenye pistoni zake na namna yake ya kupuliza mafuta. Hata mgandamizo walishusha: 1HZ hubana hewa mara 22.4, 1HD-T mara 18.6. Injini yenu imebanwa tayari, kwa hiyo nafasi ya kuongeza msukumo ni ndogo.

Je, haiwezekani? Inawezekana. Australia wanauza vifaa kamili vya kufunga turbo kwenye 1HZ, na magari hayo yanatembea jangwani. Ila yanadumu pale msukumo unapoachwa chini, karibu nusu ya bar, na dereva anapokuwa na vipimo viwili mbele yake: cha msukumo na cha joto la moshi. Joto hilo likizidi nyuzi 700 kabla ya turbo na ukaendelea kukanyaga mlimani, unachezea pistoni, na pistoni ni za alumini.

Nenda na shemeji garajini, mkaangalie hiyo turbo kwa mikono yenu. Shika ncha ya mhimili katikati ya feni. Ukiutikisa pembeni, kucheza kidogo sana si neno. Ukiuvuta na kuusukuma mbele na nyuma, usisikie kitu. Mhimili ukigonga, au feni zimekwaruza nyumba yake, au kuna mafuta yaliyolowa ndani, mwachie fundi chuma chake. Kisha mwulize fundi:

Mafuta ya kulainisha turbo yatatoka wapi, na yatarudi vipi? Bomba la kurudi lazima lishuke moja kwa moja hadi kwenye sampu.

Pampu ya mazutu itarekebishwa wapi? Akisema ataifungua skrubu mpaka moshi mweusi utoke, ondokeni. Moshi mweusi ni mazutu yasiyopata hewa, na hilo ndilo joto linaloua injini. Pampu ipimwe kwenye mashine, iongeze mafuta pale tu msukumo unapofika.

Atapima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kuanza? Injini iliyochoka haifungwi turbo.

Hata hivyo, kabla ya dola moja kutoka, fanyeni ya rahisi. Kiangazi hiki chote mmekula vumbi jekundu; fungueni kichujio cha hewa mkione. Badilisheni kichujio cha mazutu pia, hasa kama mnanunua kwa wale Kadhafi, wauza mafuta wa kando ya barabara. Noseli zipimwe, radiata isafishwe, mkanda wa taiming ubadilishwe kama kilomita 100,000 zimepita. Gari likipona hapo, huenda hamu ya turbo ikaisha yenyewe.

Nanyi wenye RAV4 na Prado za esansi, msidandie. Injini ya esansi ikisukumiwa hewa bila kompyuta kupangwa upya na bila mafuta mazuri, hugonga ndani, na kugonga huko hutoboa pistoni upesi. Kwenu jibu ni hapana.

Tena kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi. Magari mengi hapa kwetu yana usukani wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia. Kama lenu ni mojawapo, ukiwa nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Likasi, dereva haoni mbele. Macho yake ni yako wewe uliyekaa kushoto. Turbo itampa shemeji haraka ya kutoka, haitampa kuona. Na breki ni zilezile.

Hukumu yangu, mdogo wangu: minervali isiguswe, Septemba haimsubiri mtu. Litengenezeni gari kwanza. Shemeji akitaka bado, aweke akiba yake pembeni, anunue vifaa kamili vilivyotengenezwa kwa 1HZ, na vile vipimo viwili vifungwe siku hiyohiyo. Baada ya hapo oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na injini iachwe ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa baada ya mlima. Kama akiba hiyo inakaribia tofauti ya bei kati ya gari lenu na lenye turbo ya kiwandani, uzeni hili mnunue lile. Turbo ya siku mbili ya Kampemba, mwambie shemeji Yaya amekataa.