Maji ya Waipa Yakidhoofika

Msimu wa senene, anayeendesha usiku kutoka Muleba kuja Kashai, hapa Bukoba, hufika kioo cha mbele kimetapakaa mafuta ya wadudu. Waipa zikipita bila maji, mafuta hayo husambaa kioo kizima, na taa za lori linalokuja hukupofusha. Jeti za maji zikaguliwe mchana, gari limesimama.

Maji hukaa kwenye tangi la plastiki chini ya boneti, husukumwa na pampu ndogo ya umeme, hupita kwenye mpira mwembamba na kutokea kwenye jeti. Anza kwa kusikiliza. Fungua swichi bila kuwasha injini, bonyeza maji ya waipa, mwenzako asimame mbele. Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi kabla hujamlipa fundi pampu mpya. Maji yakidondoka chini ya gari, mpira umechomoka au umepasuka. Pampu ikinguruma na kioo kikabaki kikavu ilhali tangi lina maji, njia imeziba. Usiendelee kubonyeza, pampu huungua.

Chomoa mpira karibu na jeti ujaribu tena kidogo. Yakiruka kwa nguvu, jeti ndiyo yenye uchafu. Yakichuruzika, tafuta nyuma, kwenye tangi na kichujio cha pampu.

Wengi hukimbilia sindano, na hapo ndipo jeti nyingi huharibika. Ukichoma kwa nje unasukuma uchafu ndani zaidi, na sindano nene hupanua tundu, maji yakaishia kumwagika juu ya boneti. Afadhali uitoe jeti kwa kubana vishikio vyake upande wa chini, taratibu, maana plastiki iliyozeeka huvunjika. Iloweke kwenye siki ya vuguvugu, isuuze, kisha puliza kupitia tundu la nje ili uchafu urudi ulikoingilia. Ukitumia upepo wa gereji, hakikisha mpira umechomolewa. Msukumo ule usifike kwenye pampu.

Kazi hiyo itakuwa bure tangi likiwa bado chafu. Bukoba tuna mvua tele, na maji yanayokingwa kwenye mabati hayana chokaa, kwa hiyo yanafaa sana kwa waipa, ila huja na kutu, majani na ukoga. Yachuje kwa kitambaa safi. Sabuni ya unga usiitie: chembe zisizoyeyuka hukwama kwenye kichujio. Matone machache ya sabuni ya maji yanatosha. Tangi lililoota ukoga limwage, lisuuze mpaka maji yatoke meupe, ndipo urudishe jeti.

Jeti zenye kijipira cha kuzunguka ndizo zinazohitaji pini, tena kwa kuzielekeza tu. Zilenge juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa sababu gari likiwa mwendoni upepo huyashusha maji.