Dondoo muhimu: Mgahawa wa kahawa Dar es Salaam, miezi ya mwanzo

Pima kila kikombe. Espreso ya dozi mbili hula takriban gramu 18, kwa hiyo kilo moja ya kahawa hutoa vikombe 55 kwenye karatasi. Dukani, ukitoa ile ya kurekebishia mashine ya kusagia asubuhi na inayomwagika, panga 50. Kilo ikiisha kwenye kikombe cha 40, usianze kwa kumkaripia mhudumu; weka mizani ndogo kando ya mashine. Maziwa nayo yawe na daftari lake, maana jagi likijazwa kwa ajili ya kapuchino moja, nusu huishia kwenye sinki.

Nunua kahawa iliyokaangwa kidogo kidogo, ya wiki mbili hivi, na usage mteja akishaagiza. Ya Mbozi na ya Kilimanjaro inafika Dar bila shida. Kurundika magunia ni kujitafutia kahawa iliyochacha.

Umeme ukikatika, mashine ya espreso ni pambo. Weka jiko la gesi, birika na chujio. Ongeza kahawa chungu na kashata (kuna wateja ambao latte haiwahusu kabisa, nao hulipa taslimu).

Menyu iwe fupi.

Lipa Namba iwe ya duka, si ya mwenye duka, nawe ujilipe mshahara hata mdogo. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo: anza kuitenga wiki ya kwanza.